Vijana wa Nyanza Kusini na Alama za Kuingilia Vyuo vya Nje



Katika mkutano mkuu wa mwaka jana mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu. Kamati ya Karo ilikuwa imekwisha kusoma majina ya vijana walioomba msaada wa nauli na karo ili wakasome ng'ambo, na ikaeleza kwamba majina mawili yameondolewa kwa sababu alama zao za KCSE hazikufikia B. Mzee akasema, "Chuo kimekwisha kumkubali mtoto, nasi twamkataa. Je, sisi twamjua kuliko chuo?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mwenyekiti aliahirisha shauri lile hata mwaka huu, nami nikaagizwa niandike jinsi alama za mtihani zilivyotumika tangu zamani kuwafungulia na kuwafungia vijana wa kwetu milango ya vyuo vya nje, ili wanachama watakapopiga kura wajue wanapigia jambo gani.

Nisemapo "kwetu" nina maana ya Homa Bay na Migori pamoja, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya habari hizi zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na mtoto wa Karachuonyo na mtoto wa Suna walipanda ngazi ile ile.

Chuo cha nje cha kwanza tulichokijua kilikuwa ng'ambo ya ziwa. Makerere ilianzishwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua mpaka ikawa chuo cha juu cha nchi zote za Afrika Mashariki. Kenya wakati ule haikuwa na chuo cha namna hiyo kwa Mwafrika. Basi kila kijana wa Kenya aliyetaka elimu ya juu alikuwa mgeni katika nchi nyingine, ingawa bendera iliyopepea juu ya nchi zote mbili ilikuwa moja. Kwa watu wetu safari haikuwa ya ajabu sana, maana Nam Lolwe tumeizoea. Meli za Usoga na Rusinga zilizunguka ziwa zikitia nanga katika bandari zake, na kutoka Kisumu mtu aliweza kufika Port Bell, karibu na Kampala. Njia ilikuwapo. Jambo gumu lilikuwa karatasi ya kumruhusu kijana apite.

Na karatasi hiyo ilikuwa mwisho wa ngazi ndefu. Tangu taarifa ya Beecher ya mwaka 1949 kufuatwa, mtoto alichujwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ya shule, akachujwa tena mwisho wa darasa la nane kwa mtihani ulioitwa KAPE, na wachache mno waliobaki wakaingia sekondari. Mtoto wetu aliyefaulu alipelekwa mbali na nyumbani: Maseno, au Yala, au shule ya Serikali ya Kisii, na mmoja mmoja Alliance kule Kikuyu. Baba aliuza pamba katika kinu cha Homa Bay au Kendu Bay, mama akauza samaki na njugu, na mara nyingine ng'ombe wa mahari ya dada mtu alikwenda sokoni kabla ya wakati wake. Mwisho wa miaka minne hiyo ulikuwapo mtihani wa Cambridge.

Yafaa nieleze vizuri kazi ya mtihani huo, kwa sababu vijana wa leo hawaujui, na wazee wengine wanaukumbuka kwa hofu tu. Maswali yalitungwa Uingereza, majibu yakafungwa yakasafirishwa hadi Cambridge, na matokeo yakarudi mwaka uliofuata. Kila somo lilipewa namba kutoka 1 mpaka 9; 1 ilikuwa bora, na 9 ilikuwa kushindwa. Namba za masomo sita bora zilijumlishwa, na jumla hiyo ikamweka kijana katika daraja la kwanza, la pili au la tatu. Aliyekuwa na jumla ndogo ndiye aliyekuwa juu. Lakini ilikuwapo sharti moja iliyosimama peke yake: aliyeshindwa Kiingereza hakupata cheti, hata kama masomo mengine yote ameyapita.

Mwana wa baba yangu mkubwa alipatikana na sharti hiyo mwaka 1958. Hesabu alipita vizuri kuliko wenzake wote wa darasa, sayansi vilevile. Kiingereza kikamwangusha, na barua iliyofika haikuwa na daraja lolote. Nalikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka baba yake akiigeuza ile karatasi nyuma na mbele, akidhani labda upande wa pili umeandikwa kitu. Hakuna aliyemweza kaka huyo katika kupiga hesabu za chama cha wavuvi, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka alipozeeka.

Hata hivyo sitaki kuunena vibaya tu mtihani wa Cambridge. Mtu aliyesahihisha karatasi kule Uingereza hakujua kama mwandishi ni mtoto wa chifu au wa mjane. Hakujua ukoo, wala dini, wala misheni iliyomlea. Kijana wa Rusinga asiyejulikana na mtu yeyote mkubwa alikuwa na namba zake tu, na namba hizo zilikuwa zake kweli. Wazee waliomheshimu sana "Mkembriji" walikuwa na sababu. Nitarudia neno hili mbele, kwa sababu njia nyingine zilizofunguka baadaye hazikuwa na haki ya namna hiyo sikuzote.

Taabu kubwa ya mlango wa Makerere ilikuwa nafasi zenyewe. Chuo kimoja kilitumikia Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1949 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha London ili kitoe digrii za London, na kwa hiyo kipimo cha kuingia kikalinganishwa na cha Uingereza. Palikuwa na vijana waliopata cheti cha Cambridge, tena kizuri, wakakosa kitanda Makerere. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956 kilipunguza shida kidogo tu. Basi watu wakaanza kusema "hakufaulu kwenda Makerere", na neno hilo likaumiza vijana wengi, maana lilichanganya mambo mawili: kutofaa kwa kijana, na kukosekana kwa mahali pa kumweka.

Aliyeuona mchanganyiko huo na kuufanyia kazi alikuwa mtu wa kwetu. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa kazi katika shamba la mkonge, lakini jamaa yake ni wa Rusinga na huko ndiko alikozikwa mwaka 1969. Alisoma Mang'u, akaacha kwa kukosa karo kabla ya kukifikia cheti cha Cambridge, akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Alipokwenda Uingereza mwaka 1955 aliingia Ruskin College, Oxford, mahali palipowekwa kwa ajili ya wafanyakazi, pasipotaka vyeti vya shule kwa mlangoni. Nadhani mwaka ule mmoja ulimfundisha jambo: kwamba hata huko kwa wenye mtihani wao, ulikuwapo mlango mwingine.

Marekani milango ya namna hiyo ilikuwa mingi. Vyuo vyake vilikuwa mamia kwa mamia, kila kimoja kikijiamulia nani aingie. Chuo kiliweza kuikubali School Certificate ya miaka minne, pamoja na barua za walimu na maelezo ya kijana mwenyewe, bila kudai miaka miwili ya juu iliyodaiwa na Waingereza. Mboya, pamoja na Dr. Julius Kiano na Kariuki Njiiri waliokuwa wamesoma huko, walikusanya majina ya vijana waliokwisha kupata nafasi na misaada ya karo katika vyuo hivyo lakini hawana nauli. Mfanyabiashara William Scheinman na wenzake wakaunda shirika la kutafuta fedha. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na vijana 81. Mwaka 1960 msaada wa dola 100,000 ulitoka katika mfuko wa jamaa ya Kennedy, na safari zikaendelea mpaka vijana waliosafirishwa wakakaribia 800 kufikia mwaka 1963. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Muta, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Vijijini watu walifanya karamu za chai za kuchanga, na vyama vya namna ya hiki chetu vikabeba mzigo mkubwa.

Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakupendezwa. Hoja yao, kwa ufupi, ilikuwa kwamba waliofaa wamekwisha kuchukuliwa na Makerere, kwa hiyo hawa wanaopanda ndege ni mabaki, na vyuo vinavyowapokea ni vyuo dhaifu. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ilikuwa na ukweli kidogo. Vilikuwapo vyuo vidogo visivyo na vitabu vya kutosha, na vijana wengine walifika wakakuta msaada walioahidiwa hautoshi, wakaosha vyombo usiku ili wasome mchana. Lakini sehemu ya kwanza ilikuwa kosa la hesabu. Palipo na nafasi chache, wa mwisho kuingia na wa kwanza kuachwa hutofautiana kwa namba moja au mbili, na mtu awezaye kula kiapo kwamba wa kwanza ni msomi na wa pili ni baki hayupo.

Mfano utatoka Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Barack Obama, mwana wa Hussein Onyango, alizaliwa huko katika miaka ya 1930, kabla baba yake hajahamia Kogelo, Alego. Alisoma Maseno, akaondoka bila cheti. Kwa kipimo cha Makerere huyo hakuwamo hata katika foleni. Alikuwa karani Nairobi alipofanya kazi kwa Bi Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuja kwa kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma, na katika kazi hiyo akaandika vitabu vidogo vya Kijaluo viitwavyo Otieno Jarieko, vilivyotolewa mwaka 1959. Mama huyo na mwenziwe Bi Helen Roberts walimhimiza. Akajisomea kwa masomo ya posta, akafanya mtihani wa kuonyesha kwamba elimu yake yalingana na ya aliyemaliza sekondari, akaandika barua kwa vyuo vingi. Ndege ya Septemba 1959 hakuwamo. Chuo Kikuu cha Hawaii ndicho kilichompokea mwaka ule ule, na mabibi hao wakamsaidia gharama. Alimaliza digrii ya uchumi kwa miaka mitatu, akahesabiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa wa chuo chake, na mwaka 1962 akaingia Harvard. Alirudi Kenya mwaka 1964, akatumika katika kazi za uchumi wa serikali, akafa katika ajali ya motokaa mwaka 1982. Habari za mwanawe aliyechaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008 mnazijua, wala hazinihusu hapa. Linalonihusu ni ile karatasi ambayo hakuwa nayo.

Lakini angalieni vizuri, wazee. Obama alikuwa na Bi Mooney. Wangapi hawakuwa naye? Samuel Ayodo wa Kabondo, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Kenya huru, alisoma Union College, Lincoln, Nebraska, kabla ndege za Mboya hazijaanza. Chuo hicho ni cha Waadventista, na Waadventista wamekuwa Gendia tangu mwaka 1906. Hapana lawama hapo, maana alikuwa mtu wa kufaa. Ila njia ya barua humtaka kijana ajulikane na mtu mwenye kalamu: padre, mwalimu mzungu, mwanasiasa. Hata Mboya mwenyewe alilaumiwa na wapinzani kwamba orodha zake ziliwapendelea Wajaluo na Wakikuyu. Kijana wa kijiji cha ndani huko Nyatike au Kuria, asiye na misheni ya karibu wala jamaa Nairobi, alikuwa salama zaidi mikononi mwa msahihishaji wa Cambridge asiyemjua mtu yeyote.

Ikawapo na njia ya tatu, ya Mashariki. Chuo cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Oginga Odinga alisaidia vijana wengi kwenda Urusi na nchi za jirani zake, wengine wakipitia Uganda, Sudan na Misri kwa shida kubwa. Huko kijana alianza na mwaka wa kujifunza lugha na masomo ya msingi, kisha ndipo akapimwa. Jambo hilo naliona la akili, hata kwa mtu asiyependa siasa zao: walimfundisha kwanza, wakamhukumu baadaye.

Waliporudi, wa Marekani na wa Mashariki, walikuta mzozo mwingine. Ofisi nyingi zilizozoea London na Makerere ziliuliza digrii hizi zina uzito gani. Hata hivyo uhuru ulikuja Desemba 1963, Waingereza wakawa wanaondoka, na viti vilikuwa vitupu. Kazi ikawapima upya, wengine wakaonekana hodari na wengine hafifu, kama walivyoonekana wa Makerere.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Masomo ya kidato cha tano na sita yalianza katika shule chache za Waafrika mwaka 1961, na mlango wa chuo ukahamia huko. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa mwaka 1963 kikavunjwa mwaka 1970, na tangu hapo Makerere ikawa nchi ya nje kwelikweli. Mtihani ukatoka Cambridge ukaja kwa Baraza la Afrika Mashariki, kisha kwa Baraza la Kenya lililoundwa mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985, KCSE ya kwanza ikafanywa mwaka 1989, na mwaka huo huo kidato cha sita kikafika mwisho.

Hapo tukarudi pale pale pa miaka ya 1950. Sharti ya kuingia chuo kikuu ilikuwa C+, lakini vitanda vya vyuo vya serikali vilikuwa haba, basi kila mwaka kikawekwa kiwango cha juu zaidi. Wenye C+ halali walioachwa nje walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Uganda. Wazee wenye umri wangu waliwasindikiza wajukuu Kampala kama baba zao walivyowasindikiza wana. Kisha mwaka 2016 usimamizi wa mtihani ukakazwa. Watahiniwa waliopata A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wenye C+ na zaidi walishuka kutoka zaidi ya 165,000 hadi chini ya 90,000, na ghafla wote wakapata nafasi. Mimi siamini kwamba watoto wa mwaka mmoja walizaliwa na akili na wa mwaka wa pili bila akili. Wizi wa mitihani ulikuwapo, na kuuzuia lilikuwa jambo jema, lakini B ya mwaka mmoja si B ya mwaka mwingine, na kanuni yetu huzisoma zote kama moja.

Tena kila nchi huisoma alama kwa macho yake. Uganda na Tanzania wana kidato cha sita hata leo. Kijana wa Isebania anayeiona Tanzania kutoka mlangoni pake atakuta kwamba KCSE yake, hata ikiwa nzuri, huhesabiwa pungufu ya miaka miwili, na mara nyingi hutakiwa apite kwanza masomo ya kuunganisha. Marekani wana mtihani wao uitwao SAT, ulioanza mwaka 1926, ambao siku hizi jumla yake ni kutoka 400 hadi 1600. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vyuo vingi viliacha kuudai. Chuo Kikuu cha California kiliamua mwaka 2021 kutouangalia kabisa katika kuchagua wanafunzi. MIT iliurudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikatangaza kuurudisha. Sababu waliyoitoa wanaourudisha inafanana na ile niliyoisema juu ya Cambridge: kwamba barua na sifa humfaa zaidi mtoto wa wakubwa, na namba humsaidia mtoto asiyejulikana kuonekana. Wanaoukataa husema kwamba mtoto wa tajiri hununua mafundisho ya mtihani huo. Pande zote mbili zina watu wenye elimu nyingi kuliko mimi, na hawajapatana.

Kwa vijana wetu mtihani huo una gharama ya ada na ya safari, maana kwa kawaida kijana wa Muhuru Bay hulazimika kulala mbali na nyumbani ili aufanye. Juu yake vyuo vingi hudai mtihani wa Kiingereza. Nilipousoma ukurasa huo wa masharti nalimkumbuka kaka yangu wa 1958.

Nimeagizwa niandike historia, lakini katibu naye ni mwanachama, na sitaficha nionavyo. Kifungu chetu kinachodai B kiliandikwa na watu wema waliotaka fedha ya wajane isipotee, na kwa muda kilizuia upendeleo katika kamati. Nisingependa kifutwe mahali pake pasiwe na kitu, maana tungebaki na barua za watu wanaojuana. Napendekeza kisomwe hivi: mwombaji awe na sharti ya kuingia chuo kikuu ya mwaka wake mwenyewe, alete barua ya kukubaliwa ya chuo kinachotambuliwa, yenye kutaja mtihani uliodaiwa na karo ya kila mwaka, aandike kwa mkono wake, mbele ya kamati, maelezo ya masomo anayotaka, kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuria au Kiingereza, apendavyo, na karatasi zake zisomwe kwanza bila jina wala ukoo. Ada ya mtihani wa nje ilipwe na Chama kwa wale wasioweza, katika fungu la nauli.

Vijana wawili wa mwaka jana bado wangali na nafasi zao, mmoja akiwa wa Mbita na mwingine wa Rongo. Vyuo vyao vimekubali kuwangoja mpaka mwezi wa nane. Makadirio ya gharama zao yamo katika taarifa ya Mtunza Hazina, na kura itapigwa siku ya mkutano mkuu baada ya hesabu kusomwa.